Shangazi, ni aibu mama mzima kucheza kibe na watoto?

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, Lamu. Umri wangu umeshapita miaka 35. Alfajiri napika mahamri na mbaazi za kuuza, wateja wakishapungua nashona kofia za mkono za watu mpaka adhuhuri, kisha ni chakula cha mchana, kufua, kuwapeleka watoto chuoni wakasome Kurani, chajio, na siku imekwisha. Mume wangu ni mtu mwema, sina la kumlaumu. Anafanya kazi Mombasa na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi na watoto tunakaa na mavyaa wangu.

Hatulali njaa, alhamdulillahi. Hata sijui kama hili ninalokuandikia ni shida au ni kudeka tu.

Tangu skuli zifungwe kwa likizo ndefu, watoto wanashinda nje. Siku moja, magharibi imepita kidogo tu, stima ilipotea mtaa mzima. Mbalamwezi ilikuwa imetoka, na watoto wa majirani wote wakamiminika uchochoroni kucheza kibe. Nikatoka kuwaita wangu waje wale. Yule mdogo, wa miaka 6, akanishika mkono: "Mama, nifiche!" Sikufikiri. Nilimvuta tukaingia kwenye daka la nyumba ya jirani, tukajibanza nyuma ya mlango, mimi nimemziba mdomo na yeye kaniziba wangu. Aliyekuwa akitutafuta akapita karibu kabisa, nikasikia ndara zake zikiburura. Moyo ulinidunda mpaka nikahisi atausikia. Kisha yule mdogo akachekea puani, na mimi nikashindwa kujizuia. Walipotukamata nilikuwa nimekaa chini vumbini, leso imenidondoka, nacheka mpaka machozi yananitoka. Nikawaambia watoto, "Haya, sasa natafuta mimi." Nikacheza mpaka stima ikarudi.

Shangazi, sikumbuki lini nilicheka hivyo mara ya mwisho. Nililala mwili mwepesi. Nikamkumbuka dada yangu mkubwa, ambaye sasa ameolewa Malindi. Zamani kaskazi ikiingia, sisi wawili hatukushikika: mdako kiwandani, pale uani ndani ya nyumba, mpaka vidole vinachubuka, tiara juu darini, embe mbichi kwa chumvi na pilipili mpaka midomo inawaka, kwenda kisiwani Manda na baba kwa mashua na kurudi nywele zimeganda chumvi. Nikajiuliza yule msichana amekwenda wapi.

Asubuhi yake mambo yakaanza. Jirani mmoja aliyekuja kununua mahamri aliniambia mbele ya watu, "Wee mama, jana umerudi utotoni! Wanaume wanapita nawe wakimbia uchochoroni." Watu wakacheka. Mavyaa alikuwa amekaa papo hapo, hakusema kitu. Mchana tulipokuwa peke yetu akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Mwanangu, mke wa mtu ana haiba yake. Na magharibi si wakati wa kuchezacheza nje."

Nikaacha. Kila jioni watoto huniuliza, "Mama, leo huchezi?" Nami huwaambia nina kazi.

Halafu nikajaribu njia nyingine. Jumapili moja niliwapeleka ufuoni Shela. Nilifungasha chakula, nikawavika nguo nzuri, nikachukua simu ya kuwapiga picha. Nilijiambia, leo lazima tufurahi. Tulifika saa sita, jua la utosi. Mkubwa alitaka simu achezee, wa kati akalia mchanga umemwingia machoni, na mimi nikawa nawahimiza: "Chezeni basi! Chekeni niwapige picha!" Tulirudi kila mtu amenuna. Picha zilitoka nzuri sana. Dada yangu alipoziona aliniandikia kwamba ananionea wivu. Mimi nikiziangalia sihisi kitu.

Nishauri, Shangazi. Je, ni kweli kwamba mtu mzima, tena mke wa mtu, kucheza ni aibu? Na kwa nini furaha ya usiku ule ilikuja bila kuitwa, na siku niliyoiandalia haikuja? Au nikubali tu kwamba wakati wangu umepita, niwaachie watoto?

Mama wa Watatu,
Lamu

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma na kuirudia, na pale mlipozibana midomo nyuma ya mlango nilicheka peke yangu. Usiite kudeka. Wazee walisema ukubwa ni jaa, kila mtu huja kutupa lake hapo, na wewe umetupiwa mengi: biashara ya alfajiri, sindano, watoto watatu, nyumba unayoiangalia mume akiwa mbali. Umeyabeba bila kulalamika. Ndiyo maana kicheko cha saa moja kimekushtua. Kimekuonyesha kitu ambacho kwa miaka hukuwa na nafasi hata ya kutambua kwamba hukipati.

Nitaanza na aibu, kwa sababu ndiyo iliyokufunga miguu.

Twende nyumbani kwa Mtume (S.A.W.) kwanza. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, na Abu Daud ameipokea, kwamba alikuwa safarini na Mtume wakashindana mbio, yeye akamshinda. Muda ukapita, Bibi Aisha akanenepa, wakashindana tena, na mara hii Mtume akamshinda yeye. Akamwambia: hii ni kwa ile. Kaa kidogo na habari hiyo. Mtu aliyebeba umma mzima aliyakumbuka mashindano aliyoshindwa na mkewe, na nafasi ilipopatikana wakakimbia tena. Na ni huyo huyo Bibi Aisha aliyesimama nyuma ya Mtume siku ya Idi akiwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini, Mtume amemsitiri, hakuondoka mpaka yeye mwenyewe alipotosheka. Basi anayesema mke wa mtu hachezi, hilo amelitoa wapi?

Na hapa Lamu, nani hachezi? Mfungo Sita ukifika, wakati wa Maulidi, wanaume wenye ndevu hukimbiza punda kando ya bahari huku mji mzima umejipanga kuwashangilia. Wengine hushindana kuogelea, wengine huvutana kamba. Arusini watu huingia uwanjani na fimbo zao kucheza kirumbizi, na wanawake wana vugo lao. Pale Mkunguni mbele ya ngome, wazee hukaa na bao, mashimo 32 na kete 64, wakirushiana maneno mpaka adhana iwainue. Hakuna anayewaambia wamerudi utotoni. Watu wazima wa mji huu wamecheza siku zote, ila kila mmoja anajua mahali pake na wakati wake.

Kwa hiyo nataka umsikilize vizuri mavyaa wako. Kwanza, hakukusema mbele ya watu. Alingoja mpaka mkawa wawili, na hiyo ni hisani. Pili, juu ya wakati yuko sawa: Mtume ametuagiza tuwazuie watoto wetu giza linapoingia, na kipande cha usiku kikishapita tuwaache. Hata juu ya uchochoro ana hoja. Vichochoro vyetu punda mwenye mzigo akipita, mpita njia hujibanza ukutani. Ukikimbia humo gizani utagongana na mtu, na kesho yake wewe ndiye wa kukaa na karai la mahamri ukiyasikiliza maneno ya watu.

Lakini nyumba zetu za mawe zina kiwanda ndani. Waliozijenga waliuacha ua wazi katikati, wakauzungushia kuta nene za matumbawe, ili watu wa nyumbani wapate hewa na mwanga bila kutazamwa na mpita njia. Umesema mwenyewe mdako mlichezea kiwandani. Basi uchezee huko huko. Kamba irukwe kiwandani. Jifunge leso kibwebwe, ruka, piga kelele, anguka. Alasiri watoto wakirudi kutoka chuoni ndio wakati wake, kabla hujatia chajio motoni. Kipande hicho cha siku kiwe cha mchezo, na kofia ya mtu ingoje. Mwenye kofia hatakufa kwa kuipata kesho.

Na mavyaa umuingize. Usiende kumwomba ruhusa, nenda kamwombe akufundishe. Siku moja alasiri tandika mkeka karibu yake, chora duara kwa chaki sakafuni, jaza kokoto ndogo, weka na ndimu moja ya kurushia. Muulize: "Mama, nyinyi mlikuwa mkicheza vipi mdako?" Hapo hutahitaji kusema zaidi. Mdako huchezwa kwa kukaa, hauulizi magoti. Ndimu inarushwa juu, kabla haijatua mkono umeshazikumba kokoto nje ya duara na kurudi kuidaka. Inarushwa tena, zote zinarudishwa ndani isipokuwa moja, ambayo inakuwa yako. Ukizirudisha zote bila kubakisha, au ukabakisha mbili, zamu imekwenda kwa mwenzako. Mwanzoni mkono wako utakuwa mzito na kokoto zitatawanyika. Wanao watakucheka, na waache wakucheke. Kuna wakati jicho litaacha kufuata ndimu na mkono utajua wenyewe pa kuipata, na wakati huo hutakuwa ukifikiria deni la unga wala mwisho wa mwezi.

Hapo pia ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza.

Tazama ulichofanya Shela. Ulikuwa mpishi, mlinzi, mpiga picha na msimamizi wa furaha za watu wengine. Katika nyinyi wanne, nani alikuwa akicheza? Hata watoto hawakucheza, walikuwa wakiagizwa kucheza, na mtoto akiagizwa kucheza hugeuka akawa mfanyakazi. Usiku wa kibe hukuwa na agizo lolote. Mtoto ndiye aliyekualika, sheria zilikuwa zao, kulikuwa na mtu anayewatafuta, na kukamatwa kulikuwa kukamatwa kweli. Hukujitazama. Furaha ya mchezo huja macho yakiwa kwenye kitu kingine: uzi, kokoto, hatua za anayekutafuta. Ukiigeukia kuitazama inavyokuja, inasimama. Simu ndiyo inayotugeuza hivyo kila saa, maana ukishaishika unaanza kufikiria dada yako aliye Malindi ataonaje, na pale ulipo unakuwa umeshapaacha. Mnapocheza, simu ibaki ndani, yako na ya huyo mkubwa.

Ukitaka kuwachukua nje tena, usiwapeleke kufurahi. Wapeleke kufanya kitu chenye ugumu wake. Nakupendekezea tiara, kwa sababu umeitaja mwenyewe, na kwa sababu kaskazi ni upepo unaovuma kwa utulivu.

Tengenezeni nyumbani siku moja kabla, wala usinunue. Chukua chelewa mbili kavu za mnazi zilizonyooka, moja ndefu, ya pili fupi kidogo. Zifunge msalaba kwa uzi, ile ya kukingama ikae juu ya katikati. Zungusha uzi kwenye ncha zote nne ili upate umbo. Nyinyi utotoni labda mlitumia mifuko ya plastiki, lakini hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na karatasi ya gazeti inafanya kazi vizuri mno ikigandishwa kwa uji mzito wa unga wa ngano. Iacheni ikauke mpaka asubuhi. Uzi wa kifuani ufungwe juu na chini ya chelewa ndefu, ulegee kidogo, na uzi mrefu wa kurushia ufungwe juu yake, karibu zaidi na kichwa cha tiara kuliko mkia. Mkia ni vitambaa vya leso kuukuu vilivyochanwa na kuunganishwa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mtakapogombana na kucheka. Tiara ikipanda na kuzunguka kama pia, mkia ni mfupi, ongezeni kitambaa. Ikikataa kupanda na kujiburura mchangani, mkia ni mzito, punguzeni. Ikipanda kisha ikalala upande mmoja, chelewa ya kukingama haikukaa sawa, vuteni uzi upande ule mwingine. Mpe huyo mkubwa anayetaka simu kazi ya kushika uzi. Kijana wa umri ule hataki kuambiwa "njoo tucheze", lakini uzi ukianza kumkata kidole kwa nguvu ya upepo, na wenzake wanatazama, hutamwona tena akiuliza habari za simu. Wa kati akimbie na tiara. Wewe usisimame pembeni ukishika viatu vya watu. Chukua zamu yako, na ukiiangusha uambiwe umeiangusha.

Yule mdogo mtafutie ndara iliyokatika. Watoto wa Lamu wamekata vijahazi kutoka kwenye ndara na maboya tangu vitu hivyo vianze kuletwa na maji: kijiti cha mlingoti, tanga la kitambaa, kipande cha bati chini kiwe usukani, kisha kinaachiliwa kwenye kidimbwi maji yakipwa. Na usidhani huo ni upuuzi wa watoto tu. Mafundi wa hapa Lamu waliunda chombo kizima kwa plastiki iliyookotwa, chombo kinachoitwa Flipflopi, cha urefu wa mita 9 hivi, kwa plastiki ya karibu tani 10, na ubavu wake ukafunikwa kwa ndara kama 30,000 zilizookotwa fukweni. Kilishushwa majini mwaka 2018, na mapema 2019 kikasafiri na kaskazi mpaka Unguja. Rangi zake ukiziona huwezi kuwa na shaka kwamba waliokiunda walikuwa wakiipenda kazi yao. Mwonyeshe mwanao hilo, kisha muulize kijahazi chake kitafika wapi.

Tiara na vijahazi havitaki saa sita ya jua la utosi, nanyi mlikwenda saa mbaya. Nyinyi ni watu wa bahari, itumieni elimu yenu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa asubuhi mnamo saa nne na kujaa alasiri mnamo saa kumi, na kati ya kupwa na kujaa kuna kimo cha karibu mita 3. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa dakika kama 50, hata kufikia maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka, alasiri ndiyo ya kupwa. Kwa hiyo ukitaka kuogelea nenda alasiri ya bamvua, jua limelegea na maji yamekaribia. Ukitaka mchanga mnyevu na vidimbwi vya vijahazi, nenda asubuhi ya bamvua au alasiri ya maji mafu. Ila tahadhari na mlango wa maji baina ya Lamu na Manda: maji yakitoka mkondo huvuta kwa nguvu, na boti za mashine hupita kasi. Asiyejua kuogelea asivuke kiuno, na mtu mzima awe majini pamoja naye.

Dada yako wa Malindi mpigie simu ya sauti. Picha zile zimemdanganya, zimemwambia una furaha siku ambayo hukuwa nayo, na huenda yeye pia ana picha nzuri za siku kama hizo. Mweleze habari ya kibe. Muulize mlikuwa mkiimba nini mkiruka kamba, nani alikuwa akidanganya kwenye mdako, na baba alikuwa akiwapeleka upande gani wa Manda. Mambo hayo mnayajua wawili tu. Akija kuwatembelea likizo hii, mpe kokoto mkononi kabla hajavua buibui.

Kuna jambo jingine, na nalisema kwa ajili yako na kwa wengine watakaosoma. Wewe umecheka, ukalala mwepesi, ukatamani tena. Hizo ni dalili njema. Lakini kama kule kutohisi kitu kumekushika karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, usingizi umekatika, chakula hakipandi, na watoto, kazi na hata ibada vyote vimekuwa giza moja, hapo mdako na tiara havitoshi. Hayo ni maradhi, yanatibika, na hayana aibu kuliko malaria. Nenda hospitali ukamweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, na uende na mtu unayemwamini.

Sasa mumeo. Barua nzima umemtaja mara moja, kwa wema, ukampita. Yeye naye anashinda Mombasa peke yake mwezi mzima, na akija nadhani hupokewa kama mgeni: biriani, watoto wamewekwa kimya, baba apumzike. Mwezi huu msimpumzishe sana. Mwambie kwa simu usiku, kabla hajaja, ulichokiona ulipojificha nyuma ya ule mlango. Mweleze na alichosema jirani, asije akakisikia kwa mtu mwingine. Kisha mwambie unataka mandari Manda: nyinyi wawili, watoto, mavyaa na mkeka wake, mkate wa mofa, samaki wa kupaka, embe mbichi na pilipili. Shukeni upande usio na watu wengi. Wewe na yeye kimbieni mbio mchangani hata kama hamjakimbia tangu mwoane, watoto wakiwa waamuzi. Mkubwa apige mstari kwa mguu, mdogo ahesabu.

Swali lako la mwisho lilikuwa kama uwaachie watoto. Usiwaachie. Wanakuuliza kila jioni kama unacheza, na kila jioni unawajibu kwamba una kazi. Leo alasiri wajibu vingine, hata kama ni kwa kamba tu kiwandani, hata kama ni kwa muda wa maji ya chai kuchemka.

Na hiyo mandari usiiache mpaka dakika ya mwisho. Angalia mwezi kwanza, ujue bamvua inaangukia siku gani, kisha umwambie mumeo aombe ruhusa kazini kulingana na maji badala ya kungojea tarehe ya mshahara. Desemba wageni wakijaa mashua huwa adimu na bei hupanda, kwa hivyo azungumze na nahodha mnayemjua kabla hajapanda basi la kuja.

Shangazi yako